Gari la Zamani na Moto Unaochelewa

Kwa miaka mingi, kwenye ufuo wa Lwang'ni mjini Kisumu, magari yameingizwa ziwani hadi magurudumu yakazama nusu, vijana wakayaosha kwa maji yale yale ya Ziwa Victoria. Probox ikishaoshwa huwaka na kwenda zake. Peugeot 504 au Corolla DX ya miaka ya 1980 inaweza kutoka pale kwa kusukumwa.

Sababu ni distributa. Katika magari hayo ya zamani, koili huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi maelfu. Kila mara pointi mbili ndogo ndani ya distributa zinapoachana, umeme huo mkali hupita kwenye rota na kifuniko, ukafika kwenye plagi na kutoa cheche. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hutoa cheche 100 kila sekunde. Maji yakipenya chini ya kifuniko, umeme hupata njia ya mkato na plagi hukosa moto. Mara nyingi dawa ni kitambaa kikavu tu. Fundi makini hutafuta pia ufa mwembamba kwenye kifuniko, maana hata kikikauka, umeme utaendelea kuvujia hapo.

Ugonjwa wa maji hujulikana papo hapo. Ule wa taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, huja polepole, na ndio unaowalia watu pesa.

Cheche hutakiwa kuruka kabla kidogo ya pistoni kufika juu, kwa kuwa moto huhitaji muda wa kuenea ndani ya silinda. Ikiwahi mno, injini hugonga gari linapopanda mlima na mzigo, na stata inaweza kurudishwa nyuma wakati wa kuwasha. Ikichelewa, injini hupata joto, hukosa nguvu, hunywa mafuta, na pengine hulipuka kwenye ekzosi. Sasa, kisigino cha pointi husuguliwa na kamu kila siku. Kinavyolika, mwanya wa pointi hupungua na cheche huchelewa. Dereva haoni jambo la ghafla. Anaona tu petroli haikai. Wengi hapo hukimbilia kabureta, na skrubu zake huchokorwa bila hatia.

Mpangilio sahihi ni kuanza na mwanya, ambao kwa injini nyingi za aina hii ni kama milimita 0.4, upimwe kwa geji na si kwa jicho. Taimingi hufuata, kwa sababu kuugusa mwanya ni kuigusa taimingi pia. Aliyeanza na taimingi atairudia kazi. Asiye na taa maalumu hutumia balbu ya volti 12: waya mmoja kwenye upande wa koili unaokwenda kwa distributa, mwingine kwenye bodi. Swichi ikiwa imewashwa, injini huzungushwa kwa mkono hadi alama ya puli ikutane na alama ya injini, kisha distributa hugeuzwa taratibu. Balbu inapowaka, pointi zimeachana. Hapo ndipo pa kukaza.

Gari linalozima likipata joto na kuwaka likipoa lichunguzwe koili na kondensa ya pointi. Pointi zinazoungua upesi nazo huelekeza kwa kondensa.

Barabara ya kutoka Kisumu, takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hupita Ahero na kupanda hadi Kericho, alikozaliwa Joginder Singh, mshindi wa Safari Rally mara tatu. Huko juu hewa ni nyepesi na gari la kabureta lazima lipungukiwe nguvu hata likiwa zima. Dereva asikubali distributa igeuzwe Kericho kwa sababu hiyo peke yake. Na kabla ya kulipia kabureta nyingine, amwombe fundi ampimie mwanya wa pointi mbele ya macho yake.