Unyoya katika Mshale: Uteuzi, Ufungaji na Msamiati Wake

1.0 Utangulizi

Katika maduka ya vinyago jijini Arusha, chini ya Mlima Meru, hupatikana pinde na mishale inayouzwa kwa watalii. Kwa mbali, mishale hiyo hufanana na ile ya Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, magharibi mwa jiji, ambao baadhi yao hadi leo huwinda kwa uta. Hata hivyo, mshale wa kutundikwa ukutani na mshale wa kurushwa hutofautiana, na tofauti hiyo hudhihirika zaidi mkiani kuliko kichwani. Makala haya yanafafanua jinsi unyoya unavyoteuliwa na kufungwa, pamoja na msamiati unaohitajika kuieleza kazi hiyo.

2.0 Kazi ya Unyoya

Mshale una sehemu kuu tatu: chembe (au kigumba), wano na manyoya. Chembe huupa mshale uzito wa mbele, nayo manyoya hushika hewa nyuma. Mkia unapoyumba, hewa huusukuma urejee katika mstari wake. Hivyo unyoya ni usukani wala si pambo. Ukiwa mdogo mno, mshale huyumba. Ukiwa mkubwa mno, mwendo hupungua mapema. Mshale wenye chembe pana ya chuma huhitaji manyoya makubwa zaidi, kwa kuwa ubapa wa chembe nao hushika hewa.

3.0 Uteuzi

Manyoya yafaayo ni yale marefu na magumu ya bawa. Yale laini ya kifuani hayafai. Wahadzabe hutumia ya kanga na ya tumbusi. Kanuni iliyo muhimu zaidi ni kwamba manyoya yote ya mshale mmoja yatoke katika mabawa ya upande mmoja. Unyoya wa bawa la kulia hupinda kinyume cha ule wa kushoto. Yakichanganywa, moja huuzungusha mshale huku na jingine kule, na mzunguko unaousaidia kwenda sawa hupotea.

Uteuzi una mipaka ya kisheria pia. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, unyoya wa ndege wa porini huhesabiwa kuwa nyara. Aidha, mwaka 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika ziliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kwa mlenga shabaha wa mjini, bawa la bata mzinga wa kufugwa latosha.

4.0 Ufungaji

Unyoya hupasuliwa kwa urefu katikati ya uti wake, kisha uti hukwanguliwa mpaka ukae vizuri juu ya wano. Katika mpangilio wa vipande vitatu, vipande hupangwa kwa nafasi sawa kulizunguka wano. Kimoja huelekezwa upande ulio mbali na uta, ili viwili vilivyobaki vipite bila kuukwaruza. Nyuma huachwa nafasi ya vidole, karibu na mkato wa kuingizia upote.

Ukano uliolainishwa kwa mate huzungushwa kwenye ncha ya mbele na ya nyuma ya manyoya. Ukikauka, hunywea na kukaza. Ncha ya mbele hulainishwa kwa uangalifu, maana uti uliochomoza waweza kuuchoma mkono unaoshika uta. Kwa kuwa unyevu huulegeza ukano, sharti mshale uhifadhiwe pakavu.

5.0 Hitimisho

Kiswahili kina maneno mahususi kama wano, chembe, upote na podo. Lakini neno manyoya hutumika kwa ndege na kwa kondoo vilevile. Kwa hiyo agizo la “kufunga manyoya” halijamfundisha mwanafunzi jambo lolote. Istilahi kama unyoya wa bawa, uti wa unyoya na upande wa bawa zinahitajika. Haja hiyo ni kubwa zaidi pale mshale unapotengenezwa kwa ajili ya mnunuzi tu. Mshale usiorushwa hauonyeshi kosa la kuchanganya mabawa, na kosa lisiloonekana hurithiwa kama ufundi.