Majani ya Ng'ombe Bila Udongo

Je, majani yanaweza kuota bila udongo? Ndiyo. Punje ya shayiri ina chakula chake ndani. Kwa siku 7 hivi mche unahitaji maji, hewa na mwanga tu. Nchini Kenya wako wafugaji wanaolisha ng'ombe kwa njia hii wakati wa kiangazi.

Fanya hivi:

1. Chagua shayiri safi. Usitumie mbegu iliyotiwa dawa. Dawa hiyo ni sumu kwa mifugo.

2. Osha punje, kisha ziloweke usiku kucha.

3. Zitandaze kwenye sinia lenye matundu chini. Weka sinia kivulini.

4. Nyunyiza maji safi asubuhi, mchana na jioni. Maji yasituame.

Siku ya 7 au ya 8, mpe ng'ombe majani pamoja na mizizi yake. Kilo 1 ya shayiri huweza kutoa kilo 6 za majani. Lakini sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Kwa hiyo mpe pia nyasi kavu.

Ukiona ukungu, tupa yote. Sumu ya ukungu huweza kufika katika maziwa wanayokunywa watoto wako.

Anza na sinia moja. Piga hesabu ya gharama kabla ya kuongeza.