Namna Wanyama wa Maabara Wanavyosaidia Kuufahamu Ugonjwa wa Usaha Masikioni

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Katika kaya nyingi, mtoto mwenye mafua anayelia usiku huku akishika sikio huonekana kuwa na tatizo dogo litakalopita lenyewe. Usaha unapoanza kutoka, baadhi ya wazazi husema sikio "limejisafisha" na kusubiri likauke. Subira hiyo ina gharama. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya watu milioni 430 duniani, wakiwemo watoto milioni 34, wanahitaji huduma kutokana na upotevu wa usikivu. Takriban asilimia 60 ya upotevu huo kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika, na maambukizi ya sikio la kati ni miongoni mwake. Mtoto asiyesikia vizuri huchelewa kuzungumza, na akifika darasani hushindwa kumfuata mwalimu.

Mengi yanayofahamika leo kuhusu ugonjwa huu, yakiwemo yaliyosaidia kutengeneza chanjo, yametokana na tafiti zilizofanywa kwa wanyama. Makala haya yanaeleza kwa nini wanyama hao hutumika, wamefundisha nini, na mafunzo hayo yana mipaka gani.

Ugonjwa unavyoanza

Sikio la kati ni chumba kidogo chenye hewa kilichopo nyuma ya kiwambo cha sikio. Ndani yake mna mifupa mitatu midogo inayopeleka mtetemo wa sauti kwenye sikio la ndani. Chumba hicho huunganishwa na sehemu ya nyuma ya pua kwa mrija wa Eustachi. Kwa mtoto mdogo, mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, hivyo ni rahisi kwa bakteria kupanda kutoka puani hadi sikioni.

Bakteria wanaoongoza kwa kusababisha maambukizi ya ghafla ni watatu: Streptococcus pneumoniae, Haemophilus influenzae na Moraxella catarrhalis. Jambo la kushangaza ni kwamba bakteria hao huishi puani na kooni mwa watoto wengi wenye afya bila kuwadhuru. Swali la wanasayansi limekuwa ni nini hasa huwafanya wapande sikioni na kuleta ugonjwa.

Kwa nini mnyama atumike

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kumchunguza mtoto peke yake. Maadili ya tiba hayaruhusu kumwambukiza mtoto kwa makusudi, wala kumtoboa kiwambo cha sikio kila siku ili kuchukua sampuli. Zaidi ya hayo, mtoto anapofikishwa katika kituo cha afya ugonjwa umekwishaanza, na daktari hawezi kuona kilichotokea siku ya kwanza. Bakteria wanaooteshwa ndani ya chombo cha maabara nao hawatoshi, kwa kuwa chombo hakina pua, hakina mrija wa Eustachi wala kinga ya mwili.

Mnyama aliyetumika sana katika uwanja huu ni chinchila, mnyama mdogo jamii ya wagugunaji mwenye manyoya laini, ambaye asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Porini mnyama huyu yuko hatarini kutoweka. Wanaotumika maabara huzalishwa na kufugwa. Ikilinganishwa na umbo lake, chinchila ana chumba kikubwa cha sikio la kati kilichozungukwa na mfupa mwembamba, hivyo ni rahisi kuchukua majimaji na kufuatilia ugonjwa. Masafa ya sauti anayosikia yanakaribiana na ya binadamu. Aidha, bakteria wanaowaugua watoto huweza kumwambukiza, ilhali ni nadra kwake kupata ugonjwa huo bila kuambukizwa na mtafiti. Kuanzia miaka ya 1970, Dkt. G. Scott Giebink na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walimfanya chinchila kuwa nguzo ya tafiti hizi.

Panya hutumika pia, kwa kuwa gharama ya kumtunza ni nafuu na jeni zake zinafahamika vizuri. Huko Harwell, Uingereza, watafiti walibaini kizazi cha panya, walichokipa jina la Jeff, ambao hupata uvimbe sugu wa sikio la kati kutokana na hitilafu katika jeni moja iitwayo Fbxo11. Baadhi ya tafiti zilizofuata kwa familia za binadamu zilihusisha jeni hiyo hiyo na ugonjwa wa sikio unaojirudia. Kwa upande mwingine, simbilisi wamesaidia kuonesha kuwa baadhi ya dawa za matone, hasa za kundi la gentamisini, zikipenya hadi sikio la ndani huweza kuharibu chembe za kusikia.

Mambo matatu yaliyofahamika

Jambo la kwanza ni uhusiano wa mafua na sikio. Mwaka 1980, kundi la Giebink lilichapisha matokeo ya jaribio ambalo chinchila waliwekewa puani virusi vya homa ya mafua peke yake, bakteria wa Streptococcus pneumoniae peke yao, au vyote viwili. Waliopata virusi peke yake walikuwa nadra kuugua sikio. Kwa waliopata bakteria peke yao, takriban mmoja kati ya watano aliugua. Na kwa waliopata vyote viwili, takriban theluthi mbili waliugua. Virusi hudhoofisha utando wa mrija wa Eustachi na uwezo wake wa kujisafisha, kisha bakteria waliokuwa wametulia puani hupata njia. Hii ndiyo sababu maumivu ya sikio huja siku chache baada ya mafua.

Jambo la pili ni sababu ya ugonjwa kuwa sugu. Kwa muda mrefu madaktari walitatizwa na majimaji ya sikio ambayo yakioteshwa maabara hayatoi bakteria, lakini ugonjwa hauponi. Mwaka 2002, watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walionesha kuwa ndani ya sikio la chinchila bakteria hujikusanya na kujifunika kwa utando wa ute unaowakinga dhidi ya dawa na kinga ya mwili. Mwaka 2006, utando huo ulithibitishwa kwa watoto wenye ugonjwa sugu: ulionekana katika sampuli 46 kati ya 50 za ngozi laini ya sikio la kati.

Jambo la tatu linahusu chanjo. Watafiti wa Columbus, Ohio, waliwapa chinchila kingamwili za binadamu dhidi ya protini D, protini inayopatikana juu ya bakteria wa Haemophilus influenzae. Kingamwili hizo zilipunguza maambukizi ya sikio kwa takriban theluthi moja. Katika jaribio la chanjo yenye protini hiyo lililohusisha karibu watoto 5,000 wa Jamhuri ya Czech na Slovakia, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, maambukizi ya sikio yatokanayo na bakteria huyo yalipungua kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Chanjo iliyotokana na kazi hiyo, yenye aina kumi za nimokokasi, ndiyo iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2011.

Mipaka na maadili

Hata hivyo, mnyama si mtoto. Mrija wa Eustachi wa panya na kinga yake havifanani kikamilifu na vya binadamu. Aidha, tafiti nyingi za chinchila zimejikita katika maambukizi ya ghafla, wakati mzigo mkubwa katika nchi zenye kipato cha chini ni sikio linalotoa usaha kwa wiki au miezi, ambapo bakteria wakuu ni Pseudomonas aeruginosa na Staphylococcus aureus. Tafiti za wanyama kuhusu ugonjwa huo sugu ni chache zaidi, na pengo hilo ni jukumu linalozihusu pia taasisi za utafiti za Afrika.

Kuhusu maadili, watafiti duniani huongozwa na kanuni tatu zilizotolewa na Russell na Burch mwaka 1959: kutumia njia mbadala pale inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kuwapunguzia maumivu. Nchini Tanzania, ustawi wa wanyama unalindwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Mwananchi afanye nini

Elimu iliyopatikana kwa gharama hiyo itakuwa na maana iwapo itamfikia mtoto nyumbani. Tangu mwaka 2013, chanjo dhidi ya nimokokasi ni sehemu ya ratiba ya chanjo za watoto nchini, na hutolewa mtoto anapofikisha wiki 6, 10 na 14. Chanjo hiyo haizuii kila ugonjwa wa sikio, lakini humkinga mtoto dhidi ya aina hatari za bakteria hao, wanaosababisha pia nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo na kumwepusha na moshi wa sigara na wa jikoni pia hupunguza hatari.

Mtoto mwenye maumivu ya sikio au anayetoa usaha apelekwe kituo cha afya mapema. Sikio linalotoa usaha likaushwe kwa utambi wa kitambaa safi kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Mafuta, maziwa ya mama, maji ya majani au dawa ya matone isiyoandikwa na mtaalamu visitiwe sikioni. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni dalili ya hatari inayohitaji hospitali bila kuchelewa, na usaha uliodumu kwa siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu unaohitaji matibabu, hata kama mtoto halii tena.