Mwarubaini na Fedha: Elimu Mpya na Dhamana ya Kale



Ni nadra kupata mtaa wa Pwani usiokuwa na mwarubaini, mti ambao wengine huuita mkilifi. Majani yake huchemshwa, akaogeshwa nayo mwenye upele, na vijiti vyake hutafunwa kuwa miswaki. Jina lake latokana na itikadi ya wazee kuwa waponya maradhi arubaini. Asili ya mti huu ni Bara Hindi, na huko ndiko ilikotoka habari tunayoiandikia leo.

Mwaka 2004, wataalamu wa Maabara ya Taifa ya Kemia iliyoko Pune, India, walichapisha utafiti ulioeleza jinsi supu ya majani ya mwarubaini inavyoweza kutengeneza chembe ndogo mno za fedha na dhahabu. Chembe hizo hupimwa kwa nanomita. Mita moja ikigawanywa mafungu bilioni moja, fungu moja ndilo nanomita. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa nanomita zipatazo 80,000, na chembe hizi kwa kawaida hazifiki 100.

Kazi yenyewe yafanana na ya jikoni. Majani huoshwa, yakakatwakatwa, yakachemshwa na kuchujwa. Maji yake huchanganywa na maji yaliyoyeyushwa chumvi ya fedha iitwayo nitrati ya fedha. Viungo vilivyomo ndani ya jani huipa fedha ile iliyoyeyuka elektroni inazozikosa, nayo ikarudi kuwa madini na kukusanyika chembechembe. Viungo hivyo hivyo huzivika chembe mfano wa joho, zisigandamane. Baada ya muda, maji yaliyokuwa na rangi hafifu hugeuka hudhurungi, na hiyo ndiyo dalili kuwa chembe zimezaliwa. Tangu hapo watafiti wa nchi nyingi wamejaribu mimea mingine, ikiwemo mshubiri, mrehani na habasoda. Hupenda njia hii kwa kuwa inapunguza haja ya kemikali kali.

Kwani udogo una faida gani? Kila mpishi wa pilau ajua kwamba iliki iliyopondwa hutoa harufu upesi kuliko iliki nzima. Fedha nayo ni vivyo hivyo. Ikiwa chembechembe, sehemu yake kubwa zaidi hugusana na bakteria. Hushika ngozi ya kijidudu na kuitoboa, ikaingia ndani na kuharibu protini zake. Katika sahani za maabara, pale zilipotiwa chembe hizi huonekana duara tupu ambamo bakteria wameshindwa kuota. Kwa zama hizi ambapo vijidudu vingi vimezoea dawa za antibiotiki, hilo ni jambo la kutia matumaini.

Lakini hapa ndipo tunapowaomba msimame kidogo. Sahani ya maabara si mwili wa mtoto. Kitu kinachoua bakteria kwenye sahani chaweza pia kudhuru chembe hai za maini na figo. Ndiyo maana dawa hupimwa kwanza kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kisha kwa wengi, ndipo kipimo chake kijulikane. Chembe nyingi zilizotengenezwa kwa mimea zingali katika hatua za mwanzo za safari hiyo.

Fedha yenyewe si ngeni katika tiba. Miaka ya 1880, tabibu Carl Credé wa Ujerumani aliwatia watoto wachanga matone ya nitrati ya fedha machoni, akawakinga wengi na upofu. Hadi leo hospitali hutumia malhamu yenye fedha kwa walioungua moto. Hata hivyo, anayekunywa fedha kwa muda mrefu huweza kugeuka ngozi ikawa ya kijivu kama samawati, na rangi hiyo kwa kawaida haiondoki. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka kuwa maji ya fedha yanayouzwa kiholela hayakuthibitika kuwa salama wala kuwa yanatibu. Mwarubaini nao, pamoja na sifa zake zote, mafuta yake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

Kwa hivyo, mama, ukiletewa mlangoni chupa ya “fedha na miti shamba”, muulize muuzaji: ina kiasi gani cha fedha? Imesajiliwa wapi? Imejaribiwa kwa watu, au kwenye sahani tu? Akikosa jibu, mrudishie chupa yake. Na kamwe usimwachishe mtoto dawa ya daktari, wala mzee dawa yake ya sukari, kwa ahadi ya chupa hiyo.

Wanavyuoni wetu wa fikihi wameshaeleza kuwa anayetibu bila elimu hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Dhamana hiyo haimwangukii muuzaji peke yake endapo nasi twanunua bila kuuliza. Tuupende mwarubaini wetu, tuwahimize vijana wetu wausomee kemia, na tuwaache watafiti wamalize kazi yao kabla hatujaitia matokeo yake katika kijiko cha mtoto.

Wabillahi taufiki.