Udhihirikaji wa Jeni katika Jani la Mahindi

Mkulima wa Mbulu au Hanang, mkoani Manyara, aonapo mahindi yamepauka hudhani udongo umepungukiwa naitrojeni, akaongeza samadi. Aghalabu dhana hiyo ni sahihi. Mara chache, hata hivyo, chanzo huwa ni jeni, na samadi haifui dafu. Kila seli ya jani hubeba jeni zilezile za usanisinuru. Kinachotofautiana ni zipi zinazotenda kazi. Katika jani lililokomaa, kimeng'enya cha rubisko huundwa katika seli zinazozunguka mishipa, ambako jeni iitwayo Golden2 huongoza ukuaji wa kloroplasti. Ikiharibika, jani hupauka. Kuuita utendaji huo "usemi wa jeni" kunapotosha, kwani usemi ni wa maneno. "Udhihirikaji" unafaa zaidi: kilichokuwamo ndani hujitokeza, au hakijitokezi.