Mbwa Wetu Watembee, Lakini Kwanza Wachanjwe

Mtu apandaye alfajiri kutoka Uchira kwenda Kirua Vunjo hupokelewa na sauti mbili: sauti ya maji na sauti ya mbwa. Katika vihamba vingi vya huku mlimani mbwa ndiye askari wa nyumba. Hulinda kahawa iliyoanikwa, ng'ombe walio zizini, kuku na watoto. Hapokei mshahara, hapewi likizo, na posho yake ni makombo. Sisi wafanyakazi, tunaojua thamani ya jasho, hatuna budi kukiri kwamba huyu naye ni mfanyakazi mwenzetu.

Katika miji ya Ulaya na Marekani ni desturi watu kukutana katika bustani za umma, kila mmoja ameshika mbwa wake kwa kamba, wakatembea pamoja kwa saa moja au mbili. Wapo miongoni mwetu wanaolicheka jambo hilo na kuliita anasa ya watu walioshiba. Sisi hatukubaliani nao. Mbwa afungwaye mchana kutwa kwa mnyororo mfupi, kisha akaachwa huru usiku, huwa adui wa kila apitaye njiani, hata jirani mwema. Bali mbwa anayetembezwa mara kwa mara huzoea watu, huzoea mbwa wenziwe, na hutii sauti ya bwana wake. Hayo si anasa, ni malezi.

Lakini yafaa tujiulize: wenzetu hao wamewezaje kuwakusanya mbwa wengi mahali pamoja, katikati ya watoto wanaocheza, pasiwe na hofu? Jibu ni kwamba kabla ya matembezi palitangulia kazi. Uingereza ilipigana na kichaa cha mbwa kwa sheria kali, mbwa wakafungwa vinywa, na mwaka 1902 maradhi hayo yakatoweka. Mwaka 1918, vita vilipokwisha, yakarudi pamoja na mbwa walioingizwa nchini kwa siri kutoka ng'ambo, na ilichukua hadi mwaka 1922 kuyafukuza tena. Basi raha tunayoiona katika bustani zao haikuanguka kutoka mbinguni. Ni matunda ya watu kukubali kubanwa na sheria kwa faida ya wote.

Kwetu kazi hiyo bado haijakwisha. Wataalamu walikadiria mwaka 2002 kwamba Tanzania hupoteza watu wapatao 1,500 kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, na duniani kote hesabu ni kama watu 59,000. Vijidudu vya maradhi haya hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, hupenya katika jeraha na kusafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Safari hiyo yaweza kuchukua majuma, au miezi. Wakati huo wote mtu hajisikii vibaya, na pengine jeraha limekwisha pona. Lakini dalili zikisha kuonekana, mgonjwa akaanza kuyaogopa hata maji ya kunywa, hapana tena dawa ya kumponya.

Ni nani hasa wanaoumia? Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, kama 40 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Wengine ni watu wa kazi: mama aendaye sokoni kabla ya jua kuchomoza, mchukuzi wa maziwa, mkata majani, na mlinzi wa usiku. Mtu huyu akiumwa hulazimika kwenda hospitali si mara moja bali mara kadhaa, ili amalize sindano zote. Kila safari ina nauli yake, na kila siku ya safari ni siku ya kazi iliyopotea. Mwenye mbwa, ambaye angaliweza kuyazuia hayo yote kwa chanjo moja ya kila mwaka, mara nyingi hulala usingizi wake. Hii si haki. Kadhalika si haki tajiri wa mjini kumkabidhi kijana wa kazi kamba ya mbwa ambaye hakuchanjwa, amtembeze barabarani. Mbwa ni wake, lakini hatari amemwachia mtu wa mshahara mdogo.

Dawa ya mambo haya inajulikana. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, na kazi hiyo ikarudiwa kila mwaka kwa sababu mbwa wengine hufa na wengine huzaliwa, maradhi hukosa njia ya kupita. Watu wa Kirua hawana haja ya kufundishwa maana ya hesabu hiyo, kwani wamekulia kandokando ya mifereji. Mfereji wa kale wa Wachagga haukuwa mali ya mtu mmoja. Ulichimbwa kwa mikono ya wengi na kusafishwa kwa zamu, na kila mtu alijua kwamba mmoja akizembea juu, jirani zake wa chini watakosa maji. Chanjo ya mbwa ni vivyo hivyo. Mbwa haujui mpaka wa masale, na kichaa chake hakiulizi kihamba hiki ni cha nani.

Wala tusidhani kwamba haya yawezekana Ulaya tu. Kisiwani Pemba kazi ya kuwachanja mbwa kwa wingi ilianza mwaka 2010, na kufikia mwaka 2014 maradhi yalikuwa yametoweka. Mwaka 2016 yakaingia tena. Wananchi na wataalamu hawakukata tamaa. Waliwachanja mbwa upya, na mwaka 2018 yakatoweka mara ya pili. Hilo ni funzo kwetu sote: ushindi hupatikana, lakini anayeacha lindo hupokonywa.

Sasa, mbwa wetu watembee wapi? Si katika msitu ulio juu yetu. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 mipaka yake ikapanuliwa kuuingiza msitu. Ni marufuku kupeleka mbwa humo, na sababu yake ni nzito. Mwaka 1994 maradhi ya distempa, ambayo ni maradhi ya mbwa, yaliua theluthi moja hivi ya simba wa Serengeti. Mahali petu pa kutembea ni barabara za kijiji na viwanja vya michezo.

Kwa hiyo twatoa shauri. Siku ya chanjo inapotangazwa, isiwe siku ya kumtuma mtoto mdogo peke yake akivutwa na mbwa mkubwa kuliko yeye. Iwe siku ya matembezi ya pamoja. Vijana wa kila kitongoji wakusanyike asubuhi, kila mbwa na kamba yake, wateremke kwa safu hadi kwa bwana mifugo, na watu wazima wakiwa mbele na nyuma. Mabalozi wa nyumba kumi wawe wamekwisha hesabu mbwa walio katika nyumba zao, ili ijulikane ni nani hakufika. Baada ya hapo, vijana hao hao wakipenda kutembea na mbwa wao kila Jumamosi jioni, nani atakayewaogopa?

Na ikitokea mtu ameumwa, asingoje wala asitafute dawa za kienyeji. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mwalimu Nyerere alitufundisha kwamba maadui wa taifa letu ni ujinga, maradhi na umaskini. Kichaa cha mbwa ni adui mwenye sura zote tatu: hupenya kwa ujinga, huua kwa maradhi, na huacha umaskini katika nyumba ya marehemu. Serikali imekwisha tunga sheria, ile ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na ile ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini sheria haiwezi kushika kamba ya mbwa. Kamba hiyo iko mkononi mwa mwenye mbwa, na mwanachama wa kweli asingoje kusukumwa. Awe wa kwanza kufika kiwanjani na mbwa wake.