Vitabu gerezani na hospitalini kwa wagonjwa wa akili: maktaba bila mtu ni kabati tu

Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, zilikubaliwa tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka 2015. Namba 64 inasema kwamba kila gereza linapashwa kuwa na maktaba, yenye vitabu vya kufundisha na vya kuburudisha, na wafungwa wa kila aina wahimizwe kuitumia. Haisemi nani atakaa ndani ya maktaba hiyo, wala nani atatambua kama yule anayeomba kitabu anajua kusoma ao anaona tu aibu ya kusema hajui.

Huku kwetu wengi watasema vitabu ni anasa. Gereza kuu la Munzenze, mjini Goma, lilijengwa kwa watu wapata 350. Mbele ya wafungwa kutoroka mwezi wa kwanza 2025, lilikuwa na zaidi ya 3000. Pahali ambapo mtu hapati hata nafasi ya kunyoosha miguu, nani atawaza juu ya kitabu?

Lakini kazi hii haikuanzia pahali penye raha. Katika mji wa Tuskegee, jimbo la Alabama, Marekani ilifungua mwaka 1923 hospitali ya askari weusi waliopigana vita ya kwanza ya dunia, kwani hospitali nyingi za wazungu hazikuwa zikiwapokea. Mwaka huo huo watu wa Ku Klux Klan waliandamana mpaka pale, wakikataa hospitali iongozwe na weusi. Wagonjwa walikuwa na majeraha, kifua kikuu, na wengi akili zao zilikuwa zimesumbuliwa.

Hapo ndipo alifika Sadie Peterson Delaney, mwezi wa kwanza 1924. Alikuwa mwanamke mweusi aliyetoka kufanya kazi katika maktaba ya Harlem, New York. Alikuta vitabu 200 na meza moja. Kwa muda wa mwaka moja hivi, vitabu vilifika maelfu. Aliweka maua, ramani na picha ukutani, kusudi chumba kisifanane na hospitali. Pengine wapo walioona hayo kuwa mapambo ya bure. Kwa mtu anayeshinda siku nzima akitazama ukuta mweupe, si bure.

Wasioweza kutoka kitandani, aliwapelekea vitabu kwa kigari, chumba kwa chumba. Wasioweza kushika kitabu, kurasa zilionyeshwa kwa mashine ukutani ao darini. Juu ya vipofu, alijifunza kwanza yeye mwenyewe maandishi ya nukta ya Braille, kisha akawafundisha. Alitafuta pia vitabu vilivyoandikwa na weusi ao vinavyosimulia maisha ya weusi, sababu aliona askari wake wanavipenda.

Kuchagua ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Delaney alisema na waganga, akajua historia ya mgonjwa, akamtafutia kitabu kinachomfaa yeye, si mwenzake. Njia hiyo, ya kumsaidia mgonjwa kwa kumchagulia cha kusoma, ilikuwa imeshapewa jina la biblioterapia mwaka 1916. Yeye aliitumia kitandani kwa mgonjwa. Alikuwa amekuja kwa miezi michache tu, akabaki miaka 34, mpaka kifo chake mwaka 1958.

Gerezani kuna ugumu mwingine: kuaminiwa. Mfungwa anayeomba kitabu cha sheria ao cha ugonjwa fulani anafunua siri yake, na hatasema na mtu anayemzania kuwa jicho la askari. Norvegi ilipata dawa rahisi: maktaba ya gereza ni tawi la maktaba ya mji, serikali ya nchi inatoa pesa, na mtunza maktaba si mtumishi wa gereza.

Brazil ilipita njia nyingine. Tangu 2012, katika magereza ya serikali kuu, mfungwa anayesoma kitabu na kuandika maelezo yake anapunguziwa siku 4 za kifungo. Kwa mwaka ni vitabu 12, yaani siku 48. Ni hesabu nzuri kwa aliyesoma shule. Asiyejua kuandika anahitaji kwanza mtu wa kukaa naye pembeni, na hapo tena mtunza maktaba anatafutwa.

Kwa Kivu ao Ituri, mtu huyo angeanza na jambo la luga. Sanduku la vitabu vya Kifaransa, hata kama vimetolewa kwa moyo mwema, litabaki limejaa mbele ya mfungwa anayesoma Kiswahili tu, na pengine kwa shida. Angepashwa kwanza kupita akiuliza, mmoja mmoja, nani anasoma nini.